SOMO LA KUMI: Uvimbe Mmoja kwa Nje, Magonjwa Mbalimbali kwa Ndani



Wewe unayeketi kwenye baraza ya hospitali ukingoja zamu yako, nawe unayesomewa maneno haya nyumbani, somo hili ni lako ikiwa una uvimbe mwilini, au kidonda kisichopona, au mtoto ambaye shavu lake limeanza kuvimba. Ni la wazee wa kanisa na la mama wa kanisa vilevile, kwa maana wagonjwa wengi huwauliza ninyi kwanza kabla ya kumwuliza munganga. Shauri lenu laweza kumleta mtu hospitali mapema, au kumchelewesha mpaka wakati wa dawa umepita.

Jambo kubwa la somo hili ni moja. Macho ya munganga huona ukubwa wa uvimbe, na vidole vyake husikia ugumu wake. Lakini mara nyingi macho na vidole haviwezi kutaja jina la ugonjwa. Jina limeandikwa ndani ya nyama yenyewe, kwa maandiko madogo sana, na mikroskopi ndiyo inayoyasoma. Pasipo jina hakuna dawa ya hakika. Ndiyo sababu munganga anakuomba ruhusa ya kukata kipande kidogo.

1. WATU WATANO KWENYE BENCHI MOJA

Tuseme watu watano wameketi pamoja mbele ya mlango wa munganga. Kila mmoja ana uvimbe shingoni, mkubwa kama yai la njiwa. Kwa nje wanafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Wa kwanza ana jino bovu. Uchafu wa jino umeshuka mpaka kwenye tezi ya shingo, na tezi imevimba. Akitolewa jino na kupewa dawa ya siku chache, atapona.

Wa pili ana kifua kikuu cha tezi. Hakohoi, wala hatemi damu, kwa hiyo hafikiri kwamba ni kifua kikuu. Lakini mdudu ni yuleyule. Huyu atakunywa dawa kila siku kwa muda wa miezi sita.

Wa tatu ana donge la mafuta chini ya ngozi. Halimdhuru. Akitaka litaondolewa, asipotaka aende nalo nyumbani kwa amani.

Wa nne ana kansere iliyoanza ndani ya tezi yenyewe. Yahitaji dawa kali zinazotiwa katika mshipa wa damu, na mapema.

Wa tano ana kansere pia, lakini haikuanza shingoni. Ilianza kooni, mahali asipopaona, nayo imesafiri mpaka shingoni. Kwake uvimbe wa shingo ni tawi tu. Mzizi uko pengine, na lazima utafutwe.

Sasa fikiri: mtu akiwapa wote watano dawa moja, itakuwaje? Mufumu huwapa majani yaleyale. Mwuza dawa wa sokoni huwapiga sindano ileile. Pengine mmoja atapona, na watu watamsifu aliyempa dawa. Lakini wa nne na wa tano watarudi nyumbani wakidhani wametibiwa, huku kansere ikiendelea kukua. Hawafi kwa kukosa dawa, bali kwa kupewa dawa isiyo ya ugonjwa wao.

2. MWILI UMEJENGWA KAMA NYUMBA YA MATOFALI

Ukitazama nyumba ya matofali toka mbali, waona ukuta mmoja. Ukikaribia, waona matofali. Mwili ni vivyo hivyo. Ngozi, ini, maziwa ya mama, mfupa, vyote vimejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila chembe ina kiini katikati yake, kama yai lenye ute wake wa manjano. Kiini ndicho kinachoiongoza chembe, kuiambia ifanye kazi gani na izae chembe nyingine wakati gani.

Watu hawakujua haya zamani. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alitazama gome la mti kwa mikroskopi, akaona vyumba vidogo vimepangwa kama sega la nyuki. Baadaye Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft huko Uholanzi, alitengeneza vioo vyake mwenyewe na kuona vidudu vilivyo hai ndani ya tone la maji. Mwaka 1858 munganga wa Ujerumani aitwaye Rudolf Virchow alichapisha mafundisho yake kwamba ugonjwa hukaa ndani ya chembe, na kwamba kila chembe hutoka katika chembe nyingine iliyotangulia. Tangu hapo wanganga walianza kutafuta ugonjwa mahali unapokaa.

Kila sehemu ya mwili ina mpango wake. Chembe za ngozi zimelala tabaka juu ya tabaka. Chembe za matumbo zimesimama safu moja, kama miti ya boma. Munganga aliyejifunza kazi hii anaujua mpango ulio mzuri, kama mwashi anavyoujua ukuta ulionyooka. Ukuta ukipinda, anaona mara moja.

3. SAFARI YA KIPANDE KIDOGO

Watu wengi huuliza: “Nyama yangu inapelekwa wapi?” Swali hili ni la haki, nasi tutalijibu hatua kwa hatua.

Kwanza, munganga anakupiga sindano ya ganzi, usisikie maumivu ya kisu. Kisha anakata kipande, mara nyingi kidogo kama punje ya muhindi au ya haragi. Pengine hakati, bali anavuta chembe chache kwa sindano nyembamba.

Pili, kipande kinawekwa mara moja katika chupa ya formali. Formali ni dawa inayozuia nyama isioze. Dawa iwe nyingi, yapata mara kumi kuliko kipande chenyewe. Nyama ikiwekwa katika maji matupu inaharibika, na hakuna tena wa kuisoma. Jina la mgonjwa huandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino huyeyuka katika dawa.

Tatu, chupa inasafiri. Hospitali nyingi hazina munganga wa kazi hii, basi chupa huenda mpaka mji mkubwa. Ndiyo sababu majibu yaweza kukawia majuma kadhaa. Usifikiri kwamba umesahauliwa.

Nne, huko labo wanatoa maji yote ndani ya nyama kwa alkoli, kisha wanaijaza nta iliyoyeyushwa. Nta ikipoa, nyama imekuwa ngumu, yaweza kukatwa kama sabuni. Mashine yenye kisu kikali sana inakata vipande vyembamba mno. Ukipanga vipande 250 hivi, kimoja juu ya kingine, unene wake wafika milimeta moja tu.

Tano, kipande chembamba kinalazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili. Rangi ya kwanza hutoka katika mti wa Amerika ya Kati, nayo hufanya viini vya chembe kuwa vya buluu. Ya pili hufanya sehemu zilizobaki kuwa nyekundu hafifu. Pasipo rangi hizi nyama ingekuwa kama karatasi isiyoandikwa.

Sita, munganga anaweka kioo chini ya mikroskopi na kusoma. Kisha anaandika barua ya majibu. Nyama iliyobaki ndani ya nta huwekwa kwa namba yake ndani ya sanduku la labo, ili ikiwa shauri lingine latakiwa, isomwe tena. Haiuzwi. Haipewi mtu mwingine. Ukitaka, ndugu yako mmoja aje aone chupa ikifungwa na jina lako likiandikwa juu yake.

4. MUNGANGA ANAONA NINI?

Usaha. Mahali palipoingia vidudu vya usaha, anaona askari wengi wa damu wamekusanyika. Kiini cha kila askari kimegawanyika vifundo vitatu au vinne. Wengine wamekwisha kufa vitani. Hao ndio usaha wenyewe.

Kifua kikuu. Hapa vita ni ya namna nyingine, ya polepole. Katikati nyama imekufa, nayo ni nyeupe na laini kama maziwa yaliyoganda. Kuzunguka pale mwili umejenga boma la chembe kubwa. Katikati ya hizo kuna chembe kama majitu, zenye viini vingi vilivyopangwa ukingoni kama mwezi mchanga. Nje ya boma wamesimama askari wadogo wenye viini vya duara. Munganga akiona mpango huu, anafikiri kifua kikuu, na kutafuta mdudu wake kwa rangi nyekundu. Mdudu huyo alitangazwa na Robert Koch mwaka 1882. Siku hizi hospitali nyingine zina mashine inayomtambua kwa muda wa saa mbili hivi, lakini kwa uvimbe wa tezi bado yafaa kutoa sehemu kidogo ya kupima.

Ukoma. Gerhard Armauer Hansen wa Norwe alimwona mdudu wa ukoma mwaka 1873. Munganga hukwaruza kidogo ngozi ya sikio au ya doa lisilosikia kitu, au hukata kipande cha ngozi. Kwa wagonjwa wengine anaona wadudu wengi, wamelala pamoja kama mzigo wa kuni uliofungwa. Kwa wengine haoni wadudu, ila anaona boma la chembe limeuzunguka mshipa wa fahamu. Kwa hiyo anajua ni ukoma wa namna gani, na kama dawa itachukua miezi 6 au 12. Dawa hizo hutolewa bure, na mgonjwa aliyezianza mapema aweza kupona bila kilema.

Minyoo ya upofu wa mtoni. Watu wanaokaa karibu na mito yenye maji ya mbio huumwa na inzi wadogo weusi. Wengine huota vifundo vigumu visivyouma, kiunoni au mbavuni. Ukikata kifundo, ndani yake mna minyoo mirefu myembamba, imejizongazonga kama uzi uliovurugika. Watoto wake hutembea ngozini na kufika machoni. Munganga aweza kuchukua ngozi kidogo sana kwa ncha ya sindano na wembe, akaiweka katika maji ya chumvi juu ya kioo. Baada ya muda watoto wa minyoo hutoka na kuogelea. Hii ndiyo minyoo inayopigwa na dawa ya Mectizan inayogawiwa vijijini.

Uvimbe mwema. Hapa chembe zimezaa kupita kiasi, lakini zimeshika adabu. Zinafanana, viini vyake ni sawasawa, na mara nyingi zimefungwa ndani ya mfuko wao. Hazivunji nyumba ya jirani. Ukiondolewa wote, kwa kawaida neno limekwisha.

Kansere. Hapa adabu imepotea. Viini ni vikubwa na vyeusi, kimoja hakifanani na kingine. Chembe nyingi zinagawanyika kwa wakati mmoja. Hazikai katika mpaka wao. Zinaupenya ukuta na kuingia katika nyama ya jirani. Munganga akizikuta ndani ya mishipa, anajua zimeanza safari ya kwenda katika tezi, mapafu au ini. Yeye hatafuti tu kama kansere iko. Anatafuta pia ni kansere ya namna gani, imefika wapi, na kama ukingo wa nyama iliyokatwa ni safi au bado una chembe mbaya.

5. HABARI YA WATOTO WENYE TAYA LILILOVIMBA

Yafaa wazazi wote wa nchi zetu za joto wajue habari hii, kwa sababu ilianza kwa jirani zetu.

Mwaka 1957 munganga mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago huko Kampala, Uganda, alionyeshwa mtoto mdogo wa kiume. Taya lake lilikuwa limevimba pande zote, kushoto na kulia, juu na chini. Muda mfupi baadaye akamwona mtoto mwingine katika hospitali ya Jinja mwenye uvimbe wa namna ileile, na tumboni pia alikuwa na uvimbe. Burkitt akaanza kufungua barua za zamani za wagonjwa. Akakuta watoto wengi. Mmoja aliandikiwa kansere ya taya, mwingine ya jicho, mwingine ya figo, mwingine ya tumbo. Wanganga walifikiri ni magonjwa mbalimbali.

Hapo mikroskopi ilinena. Wasomaji wa nyama huko Kampala walipotazama vipande vya watoto hao, waliona mpango uleule, iwe nyama ya taya au ya tumbo. Walikuta chembe nyeusi za duara zimesongamana, na katikati yake hapa na pale chembe kubwa nyeupe zinazokula chembe zilizokufa. Kwa hiyo wakauita mfano wa mbingu yenye nyota: usiku mweusi, na nyota zikionekana. Ulikuwa ugonjwa mmoja, kansere ya chembe za tezi.

Ona jambo hili: tulisema kwamba watu watano wenye uvimbe wa namna moja waweza kuwa na magonjwa matano. Hapa ni kinyume chake. Uvimbe wa namna nyingi ulikuwa ugonjwa mmoja. Kwa njia zote mbili macho ya nje yalidanganyika.

Burkitt aliandika habari zake mwaka 1958. Akapeleka karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza: “Mmeona watoto kama hawa?” Mwaka 1961 alifunga safari kwa gari pamoja na wanganga wawili wa misioni, Ted Williams na Clifford Nelson. Williams alitoka hospitali ya Kuluva, upande wa Arua, karibu na mpaka wa Kongo. Kwa muda wa majuma kumi walitembea yapata kilometa 16,000 toka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza katika hospitali zaidi ya 50. Wakaona kwamba ugonjwa huu hukaa mahali penye joto na mvua nyingi, ndipo mahali penye malaria. Milimani penye baridi haukuonekana sana.

Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, waliofanya kazi London kwa vipande vilivyotoka Uganda, waliona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo twajua kwamba virusi hivyo, pamoja na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, ndivyo vinavyotengeneza njia ya ugonjwa. Huo ni msaada mwingine wa chandarua.

Wazazi, sikieni vema. Kansere hii ni ya mbio kuliko nyingine zote tulizotaja. Chembe zake zaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Ishara ya kwanza mara nyingi ni meno ya mtoto kulegea kabla ya wakati wake, na shavu kuvimba bila homa ya jino. Mtu akisema, “Ni jino tu, ngojeni mwezi uishe,” msimsikie. Lakini kuna habari njema pia: ugonjwa huu husikia dawa. Haukatwi kwa kisu. Hutibiwa kwa dawa za mshipani. Watoto wengi walioletwa mapema na kumaliza dawa zao wamepona, wakakua, wakawa na watoto wao wenyewe. Ila dawa haianzi mpaka kipande kimesomwa. Kila siku ya kungoja ni faida kwa ugonjwa.

6. PENGINE AMBAPO MIKROSKOPI INAOKOA

Kidonda cha miaka mingi. Wako watu wenye kidonda mguuni tangu ujana, au kovu kubwa la moto linalofunguka na kufunga. Wamekizoea. Lakini kidonda cha miaka mingi chaweza kugeuka kuwa kansere ya ngozi. Ishara ni ukingo unaoinuka na kuwa mgumu, nyama inayochipuka kama maua, harufu mpya na damu. Munganga atakata vipande katika ukingo, wala si katikati ambako nyama imekufa. Kansere hii ikijulikana mapema, mguu waweza kuokolewa.

Mlango wa uzazi. Mama, damu inayotoka baada ya kukutana na mume, au baada ya desturi ya mwezi kukoma kabisa, si jambo la kunyamazia kwa haya. Kansere ya mlango wa uzazi huletwa na virusi, nayo haianzi kwa siku moja. Kwa miaka mingi chembe za mlango huo hubadilika kidogo kidogo. Kwanza ni tabaka za chini tu, kisha tabaka zote, na mwishoni zinavunja ukuta wake. Katika miaka hiyo ya katikati mama hasikii maumivu yo yote, lakini munganga au mwuguzi aweza kuona alama kwa kupaka siki, au kuzitambua chembe kwa mikroskopi, na kuziondoa kwa kazi ndogo. Usingoje maumivu. Maumivu huja mwisho.

Madoa meusi au ya zambarau. Mwaka 1872 Moritz Kaposi wa Vienna aliandika juu ya madoa yanayoota miguuni. Katika nchi zetu yalijulikana zamani, nayo yaliongezeka sana ugonjwa wa ukimwi ulipoingia. Kwa mikroskopi chembe zake ni ndefu kama uzi, na katikati yake mna nyufa zilizojaa damu. Kwa kuwa madoa mengine ya ngozi hufanana nayo, kipande hukatwa ili kujua hakika. Mgonjwa mwenye ukimwi akizishika vema dawa zake, mara nyingi madoa hupungua.

7. MANENO YA HOFU NA MAJIBU YAKE

“Kisu kikigusa uvimbe kinaamsha kansere.” Sivyo. Kisu hakiwezi kugeuza uvimbe mwema kuwa kansere. Neno hili limetoka wapi? Watu wengi huja hospitali wakati kansere imekwisha kusambaa. Wanakatwa kipande, na baada ya majuma wanakufa. Walio nyumbani husema, “Kisu kimemwua.” Lakini waliomwua ni miezi ile aliyokaa nyumbani.

“Nikiambiwa ni kansere, nitakufa kwa hofu.” Kutojua hakupunguzi ugonjwa. Tena katika wale watano wa benchi letu, watatu hawakuwa na kansere hata kidogo. Huenda unajitesa usiku kwa hofu ya neno ambalo si lako.

“Nimeombewa, kwa hiyo sihitaji kupimwa.” Maombi na kipimo havigombani. Mzee wa kanisa amwombee mgonjwa, kisha amsindikize mpaka mlango wa munganga. Ikiwa amepona, kipimo kitaonyesha.

“Kwanza nitajaribu dawa ya kienyeji.” Dawa za kuunguza na chale za wembe zinachoma nyama na kuvuruga mpango wa chembe. Hata msomaji hodari hawezi kusoma kitabu kilichoungua.

“Majibu yalisema haitoshi, basi wananidanganya.” La. Pengine kipande kilikuwa kidogo mno, au kilichukuliwa mahali palipokufa. Kukatwa mara ya pili ni taabu, lakini ni afadhali kuliko jina la kubahatisha.

8. BASI, UFANYE NINI?

Njoo hospitali ukiona neno lo lote katika haya: uvimbe unaokua, au uliodumu zaidi ya majuma matatu, kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, donge katika ziwa la mama, damu isiyo na sababu, doa lisilosikia moto wala baridi, meno ya mtoto yanayolegea pamoja na shavu kuvimba. Kwa mtoto huyo usingoje majuma. Njoo kesho.

Ukikatwa kipande, uliza siku ya kurudi kwa majibu, nawe urudi siku hiyo hata ukiwa husikii maumivu. Acha jina la kijiji chako na la mtu anayeweza kukuita. Labo zina majibu mengi yaliyofika huku wenyewe hawakurudi kuyachukua. Na ukipewa barua ya majibu, itunze pamoja na vyeti vyako vingine, kavu, mbali na mchwa. Ukienda hospitali nyingine, ndiyo itakayomwambia munganga mgeni habari zako zote.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Uvimbe wa namna moja kwa nje waweza kuwa magonjwa mengi kwa ndani.
Kila ugonjwa una mpango wake katika chembe, na kila mpango una dawa yake.
Kipande kidogo hakiamshi kansere. Kuchelewa ndiko kunakoikuza.
Mtoto mwenye taya lililovimba asingojeshwe.
Rudi kuchukua majibu.

MASWALI

1. Kwa nini haifai kuwapa dawa moja watu watano wenye uvimbe shingoni?
2. Kwa nini kipande cha nyama huwekwa katika formali wala si katika maji?
3. Uvimbe mwema na kansere hutofautianaje ndani ya mikroskopi?
4. Wanganga wa Kampala walijuaje kwamba uvimbe wa taya na wa tumbo wa watoto ulikuwa ugonjwa mmoja?
5. Ndugu yako akisema, “Kisu kinaamsha kansere,” utamjibuje?
6. Katika kijiji chako ni nani aliye na uvimbe au kidonda cha siku nyingi? Utamwambia nini juma hili?